Kisu cha Baba Yako, Kidole Chako

Newala, alasiri

Mwanangu Somoe,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana asubuhi hii hii. Umenipa shikamoo yako mlangoni, nimekuitikia marahaba, ukaniwekea chai na muhogo wa kuchemsha juu ya meza ya cherehani, mahali ambapo nimekukataza mara mia usiweke chai. Leo nimeinywa hapo hapo. Ukaniangalia ukauliza, "Mama, unaumwa?" Siumwi, mama. Nilikuwa nangoja utoke.

Umetoka. Umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka akupikie na akupe habari za ukoo mzima, kwa hiyo nina muda mpaka magharibi. Kesho asubuhi gari linakuteremsha Masasi, kwenye chuo cha uuguzi. Sanduku lako la bati liko hapa miguuni pangu, limeshafungwa kwa kamba. Mambo ya kuchemsha maji, ya kuanika sare kivulini, ya kutoazimisha ndoo, hayo sikuandikii. Nimekuimbia mwezi mzima mpaka ukawa unayamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Leo nina jambo jingine, na najijua: nisipoliandika mchana huu, sitalisema tena mpaka nakufa.

Mezani nimetandika kile kitambaa cheupe kilichobaki kwenye sare yako. Juu yake kuna kisu cha kukunja cha baba yako. Ndiyo, kile kile kilichokukata kidole. Uliponiuliza kiko wapi nilikwambia nimekitumbukiza chooni. Nilikudanganya. Miaka sita yote kimekaa kwenye boriti juu ya kitanda changu, kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Leo nimekishusha nikifungue chote, nikisafishe, nikiunge upya na kukirekebisha, kama ilivyotakiwa kufanywa siku ile. Ninaandika huku nafanya, kwa hiyo ukiona karatasi imelowa mahali, ni mafuta ya taa.

Nimelegeza skrubu ya kwanza kwa bisibisi ndogo ya cherehani. Ya pili imegoma. Nimeitonesha mafuta ya taa, na nikiingoja nakwambia kwa nini leo.

Juzi ulikuwa uani na Rehema mnachambua mbaazi. Mimi nilikuwa ndani nimesimamisha cherehani, natunga uzi. Rehema akakuuliza kama huko uendako huogopi damu. Ukamjibu, "Damu siogopi. Naogopa mkono wangu. Mimi tangu mtoto mzembe, na kitu chenye makali hatuelewani. Nikifika nitaomba wanipeleke kwenye kuandika majina ya wagonjwa, sindano nitakuja kumuumiza mtu bure." Rehema akacheka, na wewe ukacheka. Mimi huku ndani uzi umenitoka mkononi, na mpaka mnamaliza mbaazi zenu nilikuwa sijautunga.

Somoe, wewe hukuwa mzembe hata siku moja. Hilo neno ni langu. Nilikubandika mimi, mbele ya watu, kwa sababu nilikuwa naogopa. Ulikuwa mtoto, ukaliamini, na sasa unataka kulibeba mpaka chuoni ukalifanye sababu ya kuikimbia kazi uliyoitaka mwenyewe. Siwezi kukuacha upande gari na kitu ambacho si chako.

Skrubu ya pili imetoka. Nisikilize.

Unaukumbuka mwaka biashara ilipofunguliwa. Kabla yake sindano ya cherehani ikivunjika nilikuwa namwandikia mjomba wako Lindi, nangoja miezi, na wateja wananinunia. Halafu ghafla wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku na malori yao kufuata korosho, maduka ya Newala yakajaa redio na mitumba na viatu vya plastiki vya kila rangi, hata watu wakawa wanakwenda madukani kutazama tu. Baba yako akauza korosho zake, akaenda mjini. Mimi nikangoja kitenge. Akarudi na kisu.

Nilinuna siku mbili. Yeye hata hakuona. Bwana shamba alikuwa amewafundisha kubebesha mikorosho: unakata kikonyo cha mkorosho unaozaa vizuri, unakichonga ncha, unakipachika kwenye mche mchanga uliopasuliwa kichwani, unafunga kwa nailoni, unangoja vishikane. Kazi ile inataka kisu chembamba, kikali, kisichotikisika. Hiki kilikuwa na komeo mgongoni mwa mpini. Ukikifungua, komeo linadondokea kwenye pengo lake, linalia ta! na hapo kisu hakikunjiki tena mpaka ubonyeze mwenyewe. Jioni nzima baba yako alikaa barazani anakifungua na kukikunja, ta, ta, ta, mpaka nikamwambia, "Baba Issa, umenunua kisu au njuga?" Akasema, "Nangu, mimi, nimenunua shamba zima, mke wangu. Subiri uone."

Na wewe ukakipenda. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yako Issa akibebesha miche kumi, minane inakauka, na miwili iliyobaki inaishi kwa huruma ya Mungu. Wewe ulikuwa unakaa kwenye kitalu, ulimi umeutoa kidogo pembeni ya mdomo, unachonga kile kikonyo taratibu, na miche yako inachipua. Baba yako alikuwa anawaambia wenzake, "Huyu binti yangu ana mkono." Wewe hukuwahi kulisikia kwa sababu aliogopa utavimba kichwa. Nimelisikia mimi zaidi ya mara tano. Laiti ningekuambia zamani.

Sasa kisu kimefunguka. Nimenyanyua ubavu wa mpini na kuyakuta mafuta ya siku ile ndani, laini mwanzoni mwa komeo halafu magumu, meusi, kama lami iliyoganda. Miaka sita na bado nimeitambua harufu yake. Hayo ndiyo yaliyokukata kidole. Ngoja niinuke kidogo.

Nimerudi.

Wiki ile kisu kilikuwa kimeanza kukwama. Utomvu wa mikorosho na vumbi la salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, vilikuwa vimeingia ndani, ukikifungua kinakwaruza. Baba yako akaniambia, "Usikiguse. Somoe atakitumia hivyo hivyo, Jumatatu nitampelekea fundi baiskeli." Aka! Mimi? Mimi niliyeifungua cherehani hii mpaka kipande cha mwisho na kuirudisha ikashona, niambiwe nisiguse kijisu, kipelekwe kwa fundi baiskeli? Alipokwenda shamba nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa, nikakifungua. Nikakisafisha vizuri kabisa. Nikakiunga. Kikawa kikavu, kinalia kwikwi, kinataka mafuta.

Nilivuta mtoto wa meza. Kichupa cha mafuta ya cherehani kilikuwemo, nusu yake. Nakumbuka nilikishika. Nikakinyanyua kwenye mwanga nione kimebaki kiasi gani. Nikakirudisha. Nikajiambia mafuta haya ni ya mashine, ndiyo inayotuvalisha, siwezi kuyamwagia kisu cha shambani. Halafu nikatoka uani nikachukua lile kopo la mafuta ya maganda ya korosho, yale tuliyopaka miimo ya milango isiliwe na mchwa.

Unayajua mafuta yale. Yakiwa mabichi yanateleza vizuri sana, yakikaa yananata, na ngozi yanaibabua. Kila mtu wa huku anayajua. Mbuzi wa Mama Rehema alijisugua kwenye mwimo wetu akaacha manyoya, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Na bado nikachukua kijiti, nikachovya, nikatia kwenye komeo la kisu. Ubahili na kiburi vilikuwa vimekaa pamoja mezani. Jioni ile kikafunguka laini, kikalia ta! Nikajisifu. Asubuhi nikakupa uende nacho kitaluni.

Hodi imepigwa.

Alikuwa Mama Rehema, anataka ungo. Nimefunika kisu kwa suruali ya mteja. Akakaa. Akaniangalia akasema, "Mama Issa, unalia?" Nikamwambia ni mafuta ya taa yanauma macho. Akasema, "Mafuta ya taa, ehe," akaondoka na ungo. Nimetafuta washa moja ya shaba, ile duara nyembamba inayokaa ubavuni mwa kisu, nimeikosa. Nimepiga magoti chini ya cherehani nikapapasa sakafu yote, maana bila washa ile kisu kitatikisika na kazi yote ni bure. Nimeikuta imenata kwenye pindo la khanga yangu. Haya.

Unaikumbuka siku yenyewe, lakini unaikumbuka kwa maneno yangu, kwa hiyo nataka uisikie upya. Nilikuwa nachota maji kwenye kisima chetu cha mvua. Sikusikia ukelele. Nilisikia baba yako ananiita, "Mama Issa! Mama Issa!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaitupa ndoo. Ulikuwa umesimama kati ya miche, mkono wa kulia umeushika kwa mkono wa kushoto, damu inapita katikati ya vidole. Kisu kiko chini, kimekunjika nusu. Hukuwa unalia. Ulisema, "Mama, kimejikunja chenyewe."

Ndivyo ulivyosema. Kabla mtu hajakufundisha kusema kingine, ulisema ukweli wote. Ulikuwa unakata shina gumu, komeo halikushika, kisu kikakukunjikia kwenye kidole cha shahada.

Baba yako alikupakia kwenye baiskeli, yeye anasukuma, mimi nakushika mgongo, tukakimbia hivyo mpaka hospitali. Yule muuguzi aliyetupokea, dada mnene mwenye sauti ya chini, akauliza, "Imekuwaje?" Baba yako alikuwa bado anahema, hawezi kusema. Wewe ukafungua mdomo. Nikakuwahi. Nikasema, "Alikuwa anakichezea. Mtoto mzembe huyu, hatulii, kila siku nasema." Nilisema kwa sauti, ili na wale waliokuwa kwenye benchi wasikie. Ukaniangalia, mwanangu. Ukaufunga mdomo.

Mikono yangu nilikuwa nimeificha ndani ya khanga. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa mafuta yale, ngozi inavuka. Uliponiuliza baadaye nilikwambia nimebangua korosho.

Yule dada alikushona. Mimi niligeuka ukutani, baba yako alitoka nje. Wewe hukufumba macho. Ulikuwa unaitazama sindano inavyoingia na kutoka, ukamuuliza mbona anafunga fundo kila mshono badala ya kuendelea moja kwa moja kama mama anavyoshona nguo. Akacheka, akasema, "Wewe una moyo, binti. Njoo ukue tufanye kazi." Pale pale, na kidole kikiwa kimepasuka, ndipo ulipoanza kuutaka uuguzi. Mtoto mzembe haulizi swali lile, Somoe. Mshipa wa kukunjia ulikuwa umeshakatika, kidole kikabaki kimenyooka mpaka leo, ukajifunza kushika kalamu kwa kidole cha kati na gumba, na mwandiko wako ukawashinda wote darasani. Haya yote nilikuwa nayaona. Nilikuwa nayaona na nanyamaza.

Siku ya tatu ulikuja jikoni, mkono umefungwa bandeji. Ukapiga magoti kama ulivyofundishwa. Ukasema, "Mama, nisamehe. Nimeharibu kisu cha baba na nimewasumbua."

Na mimi nikasema, "Haya, yameisha. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Nimeweka kalamu chini baada ya kuandika hayo. Nimekwenda mlangoni nikatazama barabara kama unakuja. Huji bado.

Nimekwangua ile lami yote kwa kijiti cha mwanzi, nimeviloweka vipande kwenye mafuta ya taa, nimevifuta, nimevipanga kwenye kitambaa. Komeo, springi yake, washa mbili, kisu chenyewe, mbavu mbili za mpini, skrubu tatu. Nilipoanza kuunga niliweka springi kinyume. Nikakaza yote, nikafungua kisu, komeo limelala tu halina nguvu. Nimefungua tena kuanzia mwanzo. Jasho linanitoka na jua lenyewe limeshapoa.

Baba yako alijua. Hilo pia hukulijua. Kesho yake alikiosha kile kisu damu pale kisimani, halafu nikamwona anakileta puani. Akanusa. Akageuza kichwa akanitazama vidole. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Nilingoja anigombeze. Wallahi, angenigombeza ningeshukuru, tungepigana maneno, mambo yangekuwa nje. Alikifunga kwenye khanga, akakiweka juu ya boriti, akaenda shamba. Baba yako alikuwa mtu wa kungoja. Alingoja nizungumze mwenyewe, siku zikawa miezi, na mimi kila nikitaka kuanza naona nimechelewa mno, kwamba nikisema sasa nitaulizwa mbona hukusema jana. Alipougua, wiki ile ya mwisho, alinishika mkono akasema, "Mama Issa, kile kisu usikitupe. Mwenyewe atakuja kukihitaji." Hata hapo nilikuwa na nafasi. Nilimfunika shuka, nikamwambia apumzike.

Sasa nimekaa na barua imefika karatasi ya nne, na nimeisoma tangu mwanzo, na nimeona kuna kitu nimekiruka. Nimekiruka kwa makusudi. Hata leo, hata nikijua nakuandikia wewe, mkono umekiruka.

Nimeandika kwamba jioni kililia ta, nikajisifu, na asubuhi nikakupa. Haikuwa hivyo. Asubuhi kabla sijakupa nilikifungua. Hakikulia. Kilifunguka kimya, na komeo lilibaki juu, halikudondoka mpaka mwisho. Mafuta yalikuwa yameanza kunata. Nililiona kwa macho yangu. Nikalibonyeza kwa gumba, likashuka kidogo. Ningeweza kukwambia, "Leo usikitumie." Lakini baba yako alikuwa amesimama pale pale na jembe lake begani, na ningelisema hilo angejua nimekifungua kisu chake baada ya kunikataza. Nikawaza kitajiachia chenyewe kikitumika. Nikakukunjia, nikakukabidhi, nikakwambia, "Nenda, mama, miche inakungoja."

Hilo ndilo. Mafuta ungeweza kuyaita ujinga. Hili si ujinga. Nilijua hakijashika, na nikakupa, ili nisiaibike mbele ya mume wangu kwa dakika moja.

Sitakuambia uwe mtu wa namna gani huko uendako. Sina uso wa kufanya hivyo. Nitakuambia tu nilichokiona kwenye mwili wangu. Siku ile ile, pale hospitali, ukweli ulikuwa unateleza, ungetoka kwa neno moja. Siku ya tatu, wewe umepiga magoti, ulikuwa umeanza kunata. Baada ya mwezi nilikuwa sifunguki tena. Wodini utakosea, kila mtu anakosea, utampa mgonjwa dawa ya kitanda cha pili au utasahau kitu. Liseme siku hiyo hiyo, hata kama anayekusikiliza ni mkali. Mimi nimelipia dakika moja ya aibu kwa miaka sita, na aliyelipa zaidi ni wewe.

Kisu kimeungika. Springi iko mahali pake. Nimetia mafuta ya cherehani, tone moja, halafu tone la pili, halafu nikaona si kitu, nikatia la tatu. Kinachobaki ni skrubu ya katikati, ile inayobeba kisu. Ukiikaza mno kisu kinabanwa, komeo linadondoka kwa uvivu. Ukiilegeza mno kinatikisika ubavuni. Unakaza robo ya mzunguko, unafungua, unasikiliza. Unarudisha robo, unafungua, unasikiliza. Mara ya kwanza kililia kizito, tuu! Nikarudisha kidogo. Kikalia ta!

Nimekaa nimeshika kichwa kwa ile sauti. Nilidhani baba yako yuko barazani.

Nimekijaribu kama nilivyopaswa kukijaribu. Nimegonga mgongo wa kisu juu ya ukuni mara kumi, kwa nguvu, vidole vyangu viko mbali. Komeo limeshika mara zote kumi. Mara ya kumi na moja nimekishika kama wewe ulivyokishika, kidole changu cha shahada mahali kilipokuwa chako, nikafumba macho, nikagonga. Kimeshika. Kidole ninacho, ndicho kinachosukuma kalamu hii.

Bado kinacheza kidogo ubavuni, unywele tu. Ningeweza kukimaliza, lakini nimekiacha. Bisibisi iko juu ya kitambaa. Robo ya mwisho, au nusu ya robo, hiyo inataka mtu mwenye mkono, na katika nyumba hii baba yako alimtaja mmoja tu. Kaa hapa kwenye kiti changu, sikiliza, kaza. Halafu ukakiweke kwenye sanduku lako. Ni chako. Kilikuwa chako tangu aliposema mwenyewe atakihitaji, mimi ndiye sikuelewa mwenyewe ni nani.

Kuhusu barua hii, nilipoanza nilishapanga. Nilitaka kuilegeza kamba ya sanduku, niiweke chini kabisa, chini ya sare na mashuka, uikute ukiwa Masasi na mimi niko huku juu, mbali na macho yako. Nimeshika kamba ile, nikajiona. Ni mimi yule yule, nakukunjia kitu nakukabidhi, nakwambia nenda. Kamba nimeiacha ilivyo. Barua nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua ndala, na nitakaa mbele yako mpaka uimalize. Ukitaka kunipigia kelele, piga. Mama Rehema asikie, wote wasikie; waliokuwa kwenye benchi siku ile walisikia la kwangu.

Ule msamaha uliokuja kuniomba jikoni na bandeji mkononi, haukuwa wako kuuomba. Nimekaa nao miaka sita kama kitu cha wizi. Nakurudishia. Mimi ndiye niliyetakiwa kupiga magoti siku ile, na leo ndipo ninapopiga. Wewe usinijibu haraka kwa sababu mimi ni mama yako. Kaa nalo kwa muda utakaotaka, hata mpaka umalize chuo.

Nasikia sauti yako kwa kina Rehema, unacheka. Unakuja.

Kesho asubuhi nitaamka mapema nikuchemshie muhogo wa njiani. Kama shikamoo itakuwa nzito kutoka, mwanangu, usiitoe. Chai utaikuta juu ya meza ya cherehani, mahali unapopenda kuiweka.

Mama yako